Vijeba uwanjani: Umri wa kweli ni kinga ya mwanao

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA unapokaribia, maneno mawili husikika tena kwenye viwanja vya shule: vijeba na mamluki. Kijeba ni mchezaji aliyezidi umri anayechezeshwa na wadogo. Mamluki ni yule anayevalishwa jezi ya shule asiyosoma. Kwa kawaida maneno haya hukaa kwenye kurasa za michezo, yakifuatiwa na habari ya rufaa, pointi na kombe. Wiki hii tuyajadili hapa kwenye afya, kwa sababu anayelipa gharama ya udanganyifu huo mara nyingi ni mtoto wako, na hulipa kwa mifupa, kichwa na matibabu anayoyakosa.

Nazungumza zaidi na wazazi wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Mkoa wa Rukwa una sababu yake ya pekee ya kulitazama suala hili kwa makini, nayo ni kwamba hapa umri wa mtoto hauwezi kukadiriwa kwa kumtazama.

Tuliyoyaona Taifa

Tanzania imekuwa pande zote mbili za kesi hii. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia. Haikwenda. Iliondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Vijana wote wa kikosi kile, wakiwamo waliokuwa na umri halali, walibaki nyumbani.

Miaka kadhaa baadaye mambo yakageuka. Oktoba 2016 Serengeti Boys walitolewa na Congo Brazzaville. Walishinda 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 ugenini, na kanuni ya bao la ugenini ikawanyima tiketi. TFF ikalalamika kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaagiza apimwe kwa MRI. Hakufika kupimwa. Mwanzoni mwa 2017 Congo iliondolewa, na Tanzania ikaenda Gabon mwezi Mei mwaka huo.

Mwaka 2019 fainali hizo zilichezwa kwetu, Dar es Salaam. Guinea ilifika mchezo wa mwisho ikafungwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizoandikisha awali kwenye mashindano ya Japan. Guinea ikaenguliwa, na Senegal ikachukua nafasi yake Kombe la Dunia la vijana, Brazil.

Angalia kilichowaponza watu wa Guinea. Hakikuwa kipimo cha hospitali. Ni karatasi mbili zilizopingana. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu linamhusu mzazi kuliko linavyomhusu daktari.

Kipimo cha MRI kinaona nini?

Wazazi wengi huuliza: kama kipo kipimo cha umri, kwa nini watoto wetu wasipimwe wote?

Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye ncha zake, mahali penye gegedu laini la ukuaji. Mtoto anapokaribia kukomaa, gegedu lile hugeuka mfupa na kufunga. FIFA ilichagua kifundo cha mkono, na tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria kipimo hicho kimekuwa kikitumika kwa wavulana chini ya miaka 17. Iwapo gegedu la mfupa mkubwa wa kifundo limefunga kabisa, ni nadra sana mvulana huyo awe bado chini ya miaka 17.

Kipimo hiki kina mipaka. Kwanza, kinaweza kumnasa aliyezidi lakini hakiwezi kuthibitisha umri wa asiyezidi. Kijana wa miaka 18 ambaye gegedu lake halijafunga atapita. Pili, wasichana hukomaa mapema kuliko wavulana, hivyo kigezo hicho hakiwafai. Tatu, MRI ni ghali na haiwezi kubebwa kupelekwa uwanja wa kata.

Vipi kuhusu X-ray ya mkono, ambayo ni rahisi kuipata? Kitabu cha picha kinachotumiwa zaidi duniani kulinganisha umri wa mifupa, cha Greulich na Pyle, kilitokana na watoto wa familia zenye uwezo za Marekani, waliopigwa picha miongo mingi iliyopita. Mtoto aliyekulia Mtowisa au Kirando, aliyeugua malaria mara kwa mara na kula mlo usiokamilika, anaweza kuwa na mifupa iliyochelewa kwa mwaka au zaidi ukilinganisha na picha zile. Isitoshe, kumpiga mtoto mzima mionzi kwa ajili ya mechi tu si jambo ambalo daktari anapaswa kulikubali.

Kwa nini Rukwa macho hudanganya

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu. Kilikuwa kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, lakini Rukwa bado ilikuwa karibu asilimia 50, wakati taifa lilikuwa limeshuka hadi asilimia 30.

Udumavu maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya kujirudia, hasa tangu mimba hadi anapotimiza miaka miwili. Inashangaza katika mkoa unaovuna mahindi, maharage na ulezi na kulisha mikoa mingine, lakini gunia likijaa ghalani haina maana kwamba sahani ya mtoto ina maziwa, mayai, dagaa na mboga.

Sasa fanya hesabu. Watoto waliokuwa chini ya miaka mitano mwaka 2015/16 ndio hawa wanaojaza timu za shule zetu leo. Ukiwapanga mstarini, watatu wa umri mmoja wanaweza kuonekana kama wa darasa tofauti. Mwenye miaka 15 aliyedumaa ataonekana wa 12. Mwenye miaka 13 aliyelishwa vizuri na kubalehe mapema ataitwa kijeba na kuzomewa, ingawa hajadanganya chochote.

Kwa hiyo mwalimu anayekagua umri kwa kutazama kimo, ndevu au sauti anakosea mara mbili. Anamwacha kijeba mwembamba apite, na anamwondoa mtoto halali aliyewahi kukua. Kuna kosa la tatu lisilosemwa sana: anapochagua timu huwachukua warefu na kuwaacha wafupi. Mtoto aliyekosa lishe akiwa mchanga, asiyekuwa na kosa lolote, ananyimwa pia mazoezi na mafunzo ambayo yangemjenga.

Mwili unalipa vipi

Kijana wa miaka 18 anapogombea mpira na mtoto wa miaka 13, tofauti yao haiko kwenye ujuzi tu. Kabla na baada ya balehe, misuli, uzito na kasi hutofautiana mno. Kwa mtoto aliyedumaa pengo hilo huwa kubwa zaidi, kwani ana misuli michache na nguvu ndogo.

Kwa mtu mzima, teke la kifundo cha mguu huweza kuishia kwenye kuteguka. Kwa mtoto, kano zinazoshika mifupa mara nyingi ni imara kuliko gegedu la ukuaji, hivyo kinachoachia ni gegedu. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya mivunjiko ya mifupa kwa watoto hugusa sehemu hiyo. Mingi hupona vizuri ikitibiwa mapema. Ikipuuzwa, au ikikandwa na kunyooshwa mtaani kabla ya picha, mfupa unaweza kukua umepinda au mguu mmoja ukabaki mfupi.

Kichwa nacho. Mgongano mkali huweza kuleta mtikisiko wa ubongo hata kama mtoto hakuzimia. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, kichefuchefu au kukaa kama amelewa. Mtoto mwenye dalili hizo atolewe uwanjani mara moja na asirudishwe siku hiyo, hata kama ni fainali na hata akisema yuko sawa. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi shughuli zake taratibu. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akizidi kusinzia, kichwa kikizidi kuuma au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, mpeleke hospitali bila kusubiri kesho.

Kijeba mwenyewe ana hasara

Baadhi ya wazazi huona kwamba kupunguza umri ni kumfungulia mtoto njia. Anakuja mtu na ahadi ya akademia au timu ya mkoa, anaomba tu cheti kisomeke miaka mitatu nyuma. Umaskini unaeleweka, na ndoto ya mtoto inaeleweka. Lakini tazama yanayofuata kwa upande wa tiba.

Madaktari husoma ukuaji wa mtoto kwa umri wake. Mvulana asiye na dalili yoyote ya balehe akifika miaka 14, au msichana ambaye matiti hayajaanza kuota akifika 13, anapaswa kuchunguzwa. Chanzo kinaweza kuwa utapiamlo, sikoseli, maambukizi ya muda mrefu au tatizo la homoni, na mengi yana tiba. Sasa mlete kijana wa miaka 16 mwenye karatasi ya miaka 13. Daktari atasema bado mapema, tusubiri. Ugonjwa umefichwa na tarehe.

Kwa wasichana ipo chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umri ukivurugwa kwenye daftari la shule, ni rahisi msichana akarukwa au akahesabiwa kwenye kundi lisilo lake.

Na kuna mzigo wa akilini. Mtoto anayefundishwa kutaja mwaka wa uongo huishi na hofu ya kugundulika. Anapogundulika, aibu inamwangukia yeye, wakati karatasi iliandikwa na watu wazima.

Hapa tutofautishe. Mwanafunzi wa darasa la saba mwenye miaka 16 kwa sababu alichelewa kuanza shule, pengine alikuwa akichunga ng'ombe Bonde la Ziwa Rukwa au akivua na baba yake Kasanga, si mdanganyifu. Aandikwe umri wake wa kweli na apangiwe mchezo unaomfaa. Anayekosea ni anayeficha.

Si kila tofauti ni udanganyifu

Haki ya mashindano haina maana kwamba watoto wote wawe sawa. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika, huko Kirando na Kasanga, uko takriban mita 770, na bonde la Ziwa Rukwa karibu mita 800. Mtoto anayepanda kutoka ziwani kuja kushindana mjini anakuta hewa yenye mgandamizo mdogo, hivyo kila pumzi inampa oksijeni pungufu kwa zaidi kidogo ya moja ya kumi kuliko nyumbani. Siku za kwanza atahema haraka na kuchoka mapema.

Huo si udanganyifu wa wenyeji, ni jiografia. Lakini waandaaji wanaweza kupunguza makali yake kwa kuwafikisha wageni siku mbili tatu kabla, na kuziweka mbio ndefu mwishoni mwa ratiba.

Ikiwa mwanao ni mgonjwa, maandalizi yaanzie hospitali. Mwenye sikoseli asishindane bila ushauri wa daktari wake. Uchovu mkali, baridi, upungufu wa maji na mwinuko vyote vinaweza kuamsha maumivu makali. Mwenye pumu akumbuke kwamba baridi kavu ya Ufipa ya Juni na Julai hubana kifua wakati wa kukimbia. Dawa yake ya kuvuta iwe pembeni mwa uwanja, si bwenini. Aliyewahi kuzimia akikimbia, au mwenye ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwanza. Watoto wa kando ya maziwa wapimwe kichocho na upungufu wa damu. Mtoto mwenye damu pungufu ataitwa mvivu uwanjani, kumbe anaumwa.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, tunza kadi ya kliniki. Tarehe iliyoandikwa na muuguzi siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, wakati hakuna anayewaza mpira, ina nguvu kuliko barua yoyote itakayoandikwa miaka 12 baadaye. Ndiyo maana nilisema kilichowaponza Guinea kinamhusu mzazi.

Pili, chukua cheti cha kuzaliwa mapema. Chini ya mpango wa RITA wa usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano, vyeti hutolewa bila malipo kwenye vituo vya kutolea huduma za afya na ofisi za kata. Una mtoto mchanga? Uliza siku hiyo hiyo unapompeleka chanjo. Kama mwanao ameshapita umri huo, nenda ofisi ya RITA ya wilaya na kadi yako ya kliniki, usingoje hadi wiki ya mashindano.

Tatu, majina na tarehe zilingane kwenye kadi, cheti na daftari la shule. Ukiona kosa, omba lirekebishwe wakati huu ambapo hakuna anayekushuku.

Nne, ukiombwa kupunguza umri wa mtoto, kataa. Mweleze anayeomba kwamba timu nzima ya taifa iliwahi kukosa fainali kwa sababu ya mtu mmoja.

Tano, muulize mwalimu wa michezo maswali matatu kabla ya kutoa ruhusa: wachezaji wamehakikiwaje umri, nani ana sanduku la huduma ya kwanza, na gari gani litampeleka majeruhi hospitali. Kutoka uwanja wa kijijini hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga ni safari, na swali la gari si la kejeli.

Sita, mtoto akiumia na sehemu ikavimba, ikapinda au akashindwa kuikanyaga, usikubali ikandwe. Ifungwe isitikisike, apelekwe kwenye X-ray.

Kwa walimu na maofisa michezo

Hakikini umri kwa nyaraka za zamani zaidi zilizopo. Daftari la kuandikishwa darasa la kwanza likilinganishwa na kadi ya kliniki hugharimu muda tu. Fanyeni hivyo ngazi ya shule na kata, kabla timu haijapanda basi kwenda mkoani, na orodha ibandikwe ukutani mzazi yeyote aione.

Kwenye mazoezi, wagawanyeni watoto kwa ukubwa na ukomavu pale wanapogombana miili. Baadhi ya akademia za soka Uingereza hufanya hivyo mara kwa mara, ili aliyewahi kukua ajifunze kutumia akili badala ya kifua, na aliyechelewa apate nafasi ya kuonyesha kipaji. Ndondi na judo zimegawa wachezaji kwa uzito miaka mingi na hakuna anayeona ajabu.

Na mtoto mfupi asiachwe nje ya mstari. Katika mkoa wenye udumavu wa karibu nusu ya watoto, kuchagua kwa kimo ni kuitupa nusu ya vipaji kabla hawajagusa mpira. Mpeni muda, na mwambieni mama yake habari za dagaa, mayai, maharage na maziwa kwa wadogo zake waliobaki nyumbani.

Kama mwanao ameandikishwa mashindano ya mwaka huu, jioni ya leo itafute kadi yake ya kliniki. Ilinganishe na tarehe aliyopewa shuleni. Zikitofautiana, kesho asubuhi nenda ukazungumze na mwalimu mkuu kabla orodha haijapelekwa wilayani.